Picha za Dar, kuta za maktaba

*Wachoraji wa jiji wanauza kwa wageni kwa sababu wenyeji hawana pa kuziona kazi zao. Maktaba za umma zina kuta, zina wasomaji na zina watoto. Kipi kinazuia?*

Ukifika Morogoro Stores, Oysterbay jijini Dar es Salaam, utawakuta wachoraji wa Tingatinga kazini. Wengine wamekaa kwenye vigoda, wengine chini kabisa, kanvasi imelazwa mapajani na kopo la rangi liko pembeni. Rangi yenyewe ni ile ya mafuta inayong'aa, jamaa ya ile inayopakwa kwenye milango na baiskeli.

Kazi huanzia nyuma kuja mbele. Kwanza hupakwa anga, ikaachwa ikauke. Ndipo anapoingia twiga, naye akaachwa akauke. Madoa yake yanafuata mwisho, doa moja baada ya jingine, kwa brashi nyembamba ambayo mkono ukitetemeka kidogo tu inaharibu kazi ya jana. Asubuhi nzima inaweza kuishia kwenye shingo ya twiga mmoja.

Anayekuja kununua, mara nyingi, ni mgeni. Picha inavuliwa kwenye fremu, inaviringishwa kama mkeka, inaingia sandukuni na kupanda ndege. Mkazi wa Mbagala, Tandale au Gongo la Mboto hajaiona, na hataiona.

Sasa toka hapo uelekee mjini, hadi Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilipo Maktaba Kuu ya Taifa. Mwalimu Julius Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku nchi ilipokuwa ikiadhimisha Uhuru. Humo vijana huinamia madaftari yao kutwa nzima, hasa mitihani inapokaribia. Ni moja ya sehemu chache za jiji hili ambamo mwanafunzi wa Manzese na wakili wa Upanga wanaweza kukaa meza moja bila yeyote kuulizwa amekuja kununua nini.

Katika taasisi hizi mbili, moja ina picha zisizo na watazamaji wa nyumbani, na nyingine ina watu ambao wakiinua macho kutoka kwenye kitabu hukutana na ukuta. Makala haya yanauliza kwa nini hazijakutanishwa, nini kitaharibika zikikutanishwa vibaya, na nani anapaswa kuanza.

Milango iliyopo, na wanaoipita

Si kweli kwamba Dar es Salaam haina mahali pa kuonesha sanaa. Nafasi Art Space ipo Mikocheni tangu mwaka 2008, na wachoraji na wachongaji wamefanya kazi na kuonesha kazi zao pale. Vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani hufungua kumbi zao. Hoteli nazo hutundika picha, ingawa mlinzi wa getini humkagua mtu kabla mtu hajaiona picha.

Kabla ya hapo palikuwa na Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa 1972 na Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, na ambayo jengo lake lilifunguliwa mwaka 1983. George Lilanga, ambaye viumbe wake wenye masikio makubwa na vitumbo vya kucheka vimesafiri dunia nzima, alikulia kisanaa pale. Kituo kile hakikudumu, na jiji halikupata kingine cha uzito ule katikati ya mji.

Kwa hiyo msanii anaonesha kwa balozi, kwa mfanyakazi wa shirika la kimataifa, kwa mtalii na kwa wasanii wenzake. Hao ni watu wema na wanalipa. Lakini mtoto wa darasa la sita anayechora magari nyuma ya daftari la hisabati hayumo, wala mama yake.

Matokeo yake yanauma. Sam Ntiro, Mchagga aliyezaliwa 1923, akasoma Makerere na baadaye Slade jijini London, kisha akawa Balozi wetu Uingereza, alichora maisha ya kijiji cha Kilimanjaro miaka yote. Picha yake ya wanaume wakipeleka mbege usiku kwa bibi harusi, aliyoichora 1956, iko katika hazina ya Museum of Modern Art, New York. Ni jambo la fahari. Lakini ni Wachagga wangapi wenye mbege yao na harusi zao waliowahi kusimama mbele ya kazi ya Ntiro, hata moja?

> *Hoteli hutundika picha, ingawa mlinzi wa getini humkagua mtu kabla mtu hajaiona picha.*

Barabara ya 135, Harlem

Wazo la kutundika kazi za wasanii wa mtaani katika maktaba ya umma si geni duniani. Katika mji wa Newark, Marekani, mkutubi John Cotton Dana alianza kuonesha sanaa ndani ya maktaba mwanzoni mwa karne iliyopita, hadi mwaka 1909 likazaliwa jumba la makumbusho ndani ya jengo hilo hilo la maktaba. Lakini mfano unaotuhusu zaidi sisi ni wa Harlem.

Tawi la maktaba ya New York lililopo Barabara ya 135 lilifunguliwa 1905. Kufikia 1920, mtaa ulikuwa umejaa Wamarekani weusi waliokimbia ubaguzi wa majimbo ya kusini. Mwaka huo alifika mkuu mpya wa tawi, Ernestine Rose, mwanamke wa Kizungu aliyeamua kwamba maktaba lazima ifanane na watu wanaoingia ndani yake. Aliajiri wakutubi weusi, akiwemo Catherine Latimer. Mwaka 1921 maktaba ikafanya maonesho ya kazi za wasanii weusi.

Tukumbuke wakati wenyewe. Majumba makubwa ya sanaa ya New York hayakuwa na nafasi kwa watu hawa. Mchongaji kijana Augusta Savage, aliyewasili jijini 1921 akiwa hana kitu, alipata moja ya kazi zake za mwanzo kupitia maktaba hiyo: kuchonga sanamu ya kichwa cha mwanazuoni W. E. B. Du Bois. Mkutubi alimjua, akamtafutia kazi. Hilo ndilo lililofanyika, na lilitosha kumfungulia njia.

Mwaka 1934 Aaron Douglas alichora michoro minne mikubwa kwa ajili ya kuta za tawi hilo, ikianzia Afrika, ikapita utumwani na kuishia katika jiji la kisasa. Ipo hadi leo katika kituo cha Schomburg, taasisi iliyokua kutokana na maktaba hiyo hiyo.

Kisha yupo Jacob Lawrence, na hapa naomba tukae kidogo.

Lawrence alifika Harlem akiwa na umri wa miaka 13. Alijifunza kuchora katika madarasa ya Charles Alston yaliyofanyika ndani ya maktaba hiyo. Alipotaka kuchora habari za Toussaint L'Ouverture, mtumwa wa zamani aliyeongoza mapinduzi ya Haiti, hakuwa na fedha za kusafiri wala za kulipa watu wa kumkalia. Alichokuwa nacho ni rafu za vitabu. Akasoma, akaandika, akaona hadithi ile haiingii katika picha moja. Mwaka 1938 akawa amechora picha 41.

Akarudi tena rafuni kwa ajili ya habari za watu wake mwenyewe waliohamia kaskazini. Picha 60, akazimaliza mwaka 1941, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Alizichora zote kwa pamoja, rangi moja ikizunguka picha zote kabla ya kushika rangi nyingine, ili bluu ya picha ya kwanza iwe bluu ya picha ya sitini. Na alizichora juu ya hadibodi, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Hadibodi! Msomaji wa Dar es Salaam anaijua hadithi hii. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia vipande vya hadibodi vya kama sentimeta 60 kwa 60, na rangi za kopo. Vifaa ni vile vile, umasikini ni ule ule, na kipaji hakikukosekana upande wowote. Tofauti ni kwamba kijana wa Harlem alikuwa na jengo la umma mtaani kwake ambamo aliweza kujifunza kuchora, kusoma alichotaka kuchora, na kuona kazi za waliomtangulia. Tingatinga aliuza kando ya duka, na 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi iliyompata kwa makosa. Miaka yake ya uchoraji haikufika hata mitano kamili.

> *Kijana wa Harlem alijifunza kuchora, akasoma na akaona kazi za waliomtangulia katika jengo moja la umma.*

Nairobi: fedha za Carnegie, milango miwili

Jengo la Barabara ya 135 lilijengwa kwa fedha za Andrew Carnegie. Mfuko ulioachwa na tajiri huyo ulichangia pia Maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa 1931 kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan. Lakini wakati Harlem ilikuwa ikitundika kazi za watu weusi, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia McMillan kusoma hata gazeti. Mlango ulikuja kufunguliwa kwa watu wote mwaka 1958.

Leo McMillan, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, imepata watetezi wapya. Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk, wakaingia ubia na serikali ya jiji, na matawi hayo mawili ya Eastlands yakakarabatiwa kwa kuwasikiliza kwanza wakazi wenyewe. Sasa maktaba hizo zina shughuli za fasihi, muziki na filamu, si rafu peke yake.

Na si mbali na McMillan, katikati ya jiji, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya imeweka ghorofa ya chini mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais. Mtafiti anayekwenda kuomba faili hupita katikati ya vinyago, vito na michoro. Wanafunzi wa shule wanapopelekwa pale, jengo la makaratasi linageuka jengo la kutazama. Majirani zetu wamekwishaonesha kwamba kazi ya sanaa haimzuii mtu kusoma.

Hoja za mkutubi

Mkutubi akisita, asidharauliwe. Ana sababu.

La kwanza ni utulivu. Ufunguzi wa maonesho kwetu una desturi zake: mgeni rasmi, kipaza sauti, ngoma, picha za pamoja. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani wa Novemba hawezi kulipia sherehe hiyo kwa muda wake. Hapa mimi nasimama na mkutubi moja kwa moja: maonesho ya maktaba yafunguliwe bila kipaza sauti, na miezi ya mitihani iachwe.

La pili ni kuta. Nyingi zimefunikwa na rafu, na zilizobaki hazipendi misumari. Kila maonesho yakiacha matundu manne, baada ya miaka miwili ukuta umeharibika. Dawa yake ni reli ya alumini inayofungwa juu, karibu na dari, ambako picha hushuka kwa nyaya na kupandishwa au kushushwa bila kugusa plasta. Inafungwa mara moja kwa drili na fundi mmoja.

La tatu ni mwanga na unyevu, na hili ndilo watu hulisahau. Macho ya msomaji yanahitaji mwanga mwingi, kiasi cha laksi (kipimo cha mwanga) 300 na zaidi. Picha ya rangi za maji au ya penseli juu ya karatasi haivumilii hivyo kwa muda mrefu. Makumbusho hushauri takriban laksi 50 tu. Rangi ya mafuta ina uvumilivu zaidi, kiasi cha laksi 200, na ile ya kopo juu ya kanvasi ni ngumu kuliko inavyoonekana. Kwa pwani yetu, masika ikiingia, ukuta wa nje hutoa jasho na ukungu huota nyuma ya fremu. Kwa hiyo picha za karatasi zikae muda mfupi, mbali na dirisha, na hakuna picha ya kuegemezwa kwenye ukuta unaopigwa na mvua.

La nne ni wajibu. Picha ikiibwa au ikichanwa na mtoto, nani analipa? Maktaba nyingi za Marekani humtaka msanii asaini kwamba hasara yote ni yake. Naona si haki. Maktaba inayomwalika mtu alete kazi ya miezi miwili isimwachie mzigo wote. Angalau gharama ya vifaa, ambayo inajulikana, ibebwe na mwenyeji.

Hoja za msanii

Msanii naye ana maswali, na la kwanza ni tumbo. Picha ikikaa ukutani wiki sita haijauzwa. Ameilipia kanvasi, rangi, fremu na bajaji ya kuileta. Akiambiwa kwamba malipo yake ni kuonekana, atauliza ni nani mwenye nyumba anayepokea kuonekana badala ya kodi.

Jibu la haki lipo. Nyumba za sanaa za kibiashara huweza kuchukua hadi nusu ya bei ya picha. Maktaba ya umma haina haja ya kuchukua hata senti. Iruhusu bei iandikwe kwenye lebo pamoja na namba ya simu ya msanii, na mauzo yafanyike kati yake na mnunuzi, nje ya meza ya mkutubi. Hivyo maktaba haigeuki duka, na msanii hageuki mfadhili wa serikali.

Lipo pia suala la kunakiliwa. Kwa wachoraji wa Tingatinga kuigana ni sehemu ya mtindo wenyewe tangu wanafunzi wa kwanza. Lakini kumwiga mwalimu wako karakanani ni jambo moja, na mfanyabiashara kupiga picha kwa simu akachapisha fulana elfu ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda msanii: aliyenunua picha hajanunua haki ya kuichapisha, sembuse aliyeipita ukutani. Maktaba, ambayo kazi yake ya kila siku ni kulinda vitabu visitolewe kopi kiholela, ndiyo mahali pa kulieleza hili wazi kwenye lebo.

> *Maktaba ya umma haina haja ya kuchukua hata senti ya bei ya picha.*

Nani achague?

Hapa ndipo ugomvi utakapotokea, na ni afadhali tuuseme mapema.

Wapo watakaoleta picha ya mwili usio na nguo. Wapo watakaoleta kinyago cha shetani cha Kimakonde, na msomaji mmoja ataona urithi, mwingine ataona dhambi. Wapo watakaochora kiongozi. Mkutubi wa mkoa, akiwa peke yake na barua ya malalamiko mezani, atafanya lililo salama kwake: atashusha.

Harlem yenyewe haikunusurika. Mwaka 1936 wasanii walioandaa michoro kwa ajili ya kuta za Hospitali ya Harlem walikataliwa na mkuu wa hospitali, kwa madai kwamba michoro ina watu weusi wengi mno. Hospitali ya Harlem! Wasanii waliandamana kwa hoja na barua hadi kazi ikaendelea. Baadaye Chama cha Wakutubi cha Marekani kiliweka katika tamko lake la haki kwamba maktaba inayofungua nafasi ya maonesho kwa umma iwape watu wote kwa usawa, bila kujali imani zao wala makundi yao.

Sisi tuna Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1984, na tuna Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoanza na sheria ya 1963. Nisingependa kila ukuta usubiri kibali kutoka juu. Kamati ndogo ya kila maktaba inatosha: mkutubi, wasanii wawili wa mkoa huo, mwalimu mmoja. Vigezo viandikwe na kubandikwa mlangoni kabla ya picha ya kwanza kuletwa. Kazi ikikataliwa, sababu iandikwe na msanii apewe nakala. Na kazi isiyofaa kwa macho ya watoto ihamishiwe upande wa watu wazima badala ya kurudishwa nyumbani.

Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, katika toleo la 1994, limetaja kukuza ufahamu wa urithi wa utamaduni na kuthamini sanaa miongoni mwa kazi za maktaba. Anayedai kwamba picha ni mgeni ndani ya maktaba hana pa kusimamia.

Tuanzie mikoani

Pendekezo langu ni dogo makusudi. Ukuta mmoja, karibu na sehemu ya watoto. Picha kumi au kumi na mbili, kwa wiki sita. Lebo kwa Kiswahili: jina la msanii, mtaa anaokaa, vifaa alivyotumia na bei.

Chini ya picha iwekwe meza ya vitabu vinavyohusiana nazo. Aliyechora Vita ya Majimaji, historia ya Majimaji ilazwe pale chini. Aliyechora samaki, kiwepo kitabu cha samaki wa pwani. Hilo ndilo hoteli haiwezi kufanya, na ndilo lililomlea Lawrence.

Wala si lazima tuanzie Dar es Salaam. Mtwara ina wachongaji wa Kimakonde na ina maktaba ya mkoa. Ruvuma, mkoa wa Tingatinga mwenyewe, ina maktaba Songea, na kuna watoto huko wanaolijua jina lake kama jina la mtambo wa kuchimba barabara tu. Picha chache za wanaoendeleza mtindo wake, zikisafirishwa kwa basi kutoka Morogoro Stores, zitagharimu nauli na reli ya alumini.

Nauli hiyo isidaiwe kwa mchoraji. Bodi iiweke kwenye bajeti yake, chini ya kifungu kile kile kinacholipia vitabu vya watoto.